Paa la Baba wa Ubatizo: Siku Ngazi Ilipoondolewa

Kila asubuhi mimi humimina, mama hunyunyiza.

Namimina tui lililochemshwa na sukari kwenye vikombe vya plastiki, yeye ananyunyiza mdalasini juu, na vikombe vinaingia kwenye friza viwe lambalamba. Hatuongei. Mama anadai maneno yanaharibu tui. Mimi nadhani ni kwa sababu saa hizo anakuwa bado hajapata kahawa.

Asubuhi ile nilikuwa nimeinamisha sufuria, sinia la mwisho, tuliposikia kama mtu amepiga kofi juu ya paa. Pah! Ikafuata harufu ya nywele zilizoungua. Friza ikakoroma kidogo, ikatetemeka, ikanyamaza.

Mama akabaki na mdalasini vidoleni.

"Tena?" akasema.

"Tena."

Nje hakukuwa na wingu hata moja. Jua lilikuwa linachoma. Sola za watu wengine hula jua zikapata nguvu. Ya kwetu hula jua ikazimia.

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua tulikofika. Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, jua haya tu: tumepanga nyumba ya Don Wenceslao hapa Naguabo, mji wa pwani kisiwani kwetu, nyumba ya zege yenye paa bapa, na yeye anaishi nyumba inayofuata, ukuta kwa ukuta. Baada ya kile kimbunga kikubwa alifunga paneli za sola juu yetu, na betri na mashine yake ukutani, akapandisha kodi, akasema hata dunia nzima ikizimika sisi tutakuwa tunaona. Tangu Krismasi umeme unakatika kila jua likipanda. Tukilalamika, anasema ni pasi yangu. Nilipoacha kupiga pasi, akasema ni feni ya mama. Wiki iliyopita, nikiwa nimevaa blauzi yenye makunyanzi kama mfuko wa mkate, nilimpigia simu fundi wa kampuni ya sola bila mwenye nyumba kujua.

Kwa wengine hilo ni jambo dogo. Lakini Don Wence ndiye aliyenishika kwenye maji ya ubatizo. Yeye na mama wanaitana kompadre na komadre, yaani wazazi wenza, mwaka wa ishirini na nne huu. Kwetu, watu wa namna hiyo hawaandikiani mikataba wala hawashtakiani. Na mwenye nyumba hawezi kumtolea komadre wake vitu nje. Akithubutu, mtaa mzima utamgeuzia mgongo, hata padri atamkunjia uso.

Ndiyo maana mama alikuwa na amani. Mimi sikuwa nayo.

Sikukuu ya mtakatifu wa mji ilikuwa Jumamosi, na friza ilikuwa imejaa. Kodi ya nyumba hii inatoka humo. Haina pengine pa kutoka, maana nilisomea kufundisha watoto wadogo, na shule iliyokuwa iniajiri ikafungwa kabla sijashika chaki. Lambalamba zikiyeyuka, kodi imeyeyuka, na nyumba nayo.

"Umeme wa mtaani je?" nikauliza.

"Umekatika tangu jana, wewe unaishi wapi?" Mama akafunika friza kwa blanketi, kama mgonjwa. "Usiifungue. Hata kuchungulia usichungulie."

Hapo ndipo gari la kampuni lilipopiga honi getini.

Mama akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Ivelisse. Umefanya nini?"

*

Fundi aliitwa Radamés. Alikuwa kijana mrefu, kofia imegeuzwa nyuma, ngazi yake begani.

"Wewe ndiye Ivelisse? Kwenye simu nilidhani ni mtoto. Ulikuwa unanong'ona."

"Nilikuwa nimejifungia bafuni."

Akacheka. Sikucheka. Ilikuwa kweli.

Mimi ni mtu wa kumwomba kiti radhi nikikigonga. Nilimshikia ngazi kwa mikono miwili nikiomba Don Wence akawie kwenye dhumna zake plazani, uwanja wa katikati ya mji. Mama alisimama mlangoni, mikono kifuani, hasemi na mimi.

Haikuchukua muda. Sauti ya Radamés ikashuka kutoka juu.

"Nani aliyepaka hili paa?"

"Mwenye nyumba," nikajibu. "Mwezi wa Mei, mwaka jana."

Kila mtu hapa hupaka paa lake mwezi wa Mei, kabla ya msimu wa vimbunga, ile rangi nyeupe nzito ya kuzuia maji. Don Wence hamwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo. Hupanda mwenyewe na rola ya mpini mrefu, redio pembeni, akiimba.

"Kapaka paa, sawa. Na nyaya kazipaka kwa nini? Kapaka nyaya, kapaka viungio, kapaka visanduku vilivyo chini ya paneli. Kila kitu cheupe kama keki ya harusi!"

"Alisema maji yasiingie."

"Yameingia. Yameshindwa kutoka. Humu chini ya rangi panachemka kama chungu. Panda uone."

"Naogopa."

"Basi shukuru. Kiungio kimoja kimeungua chote, na cha pili kimeanza. Mama, mnalala chumba gani?"

"Hicho kilicho chini yako," mama akasema.

Radamés akaja mpaka ukingoni. "Msilale humo."

Mama akashusha mikono. Nilimwona akitazama dirisha la chumba chetu, lile lenye pazia aliloshona mwenyewe.

"Kutengeneza ni kazi kubwa?" nikauliza.

"Kazi ya asubuhi moja. Nyinyi hamtoi chochote, imo kwenye mkataba wake na kampuni. Anachotakiwa mwenye nyumba ni kusema ndiyo. Neno moja."

Nusura niiachie ngazi nipige makofi. Neno moja tu! Nikajiona mjinga kwa kuogopa kote kule.

"Aseme ndiyo nani?" sauti ikauliza nyuma yangu.

*

Don Wence alikuwa amevaa shati lake la guayabera la buluu, kofia ya ukili mkononi, jasho kwenye masharubu.

Mdomo wangu ukafanya ulichozoea kufanya tangu nijue kusema. "Naomba baraka, baba."

Huwa anajibu bila kufikiri. Hata tukikutana dukani ameshika kuku aliyegandishwa, husema Mungu akubariki, mwanangu, kisha anaendelea kutafuta kuku.

Siku ile alinitazama. Halafu akaitazama ngazi.

Hakujibu.

Nasema kweli, angenipiga kofi nisingeumia kama nilivyoumia. Mlangoni mama akafanya ishara ya msalaba.

"Nani kampandisha huyu?"

"Mimi," nikasema, au nilidhani nimesema.

"Sikusikii! Kumwita mtu kwenye paa langu una sauti, kunijibu huna?"

"Mimi, baba."

"Wewe kijana! Shuka kwenye mali ya watu!"

Radamés akachungulia ukingoni. "Mzee, habari za saa hizi. Tuna tatizo kubwa huku."

"Tatizo ni wewe. Nilikuita?"

"Mzee, nyaya zinaungua."

"Zinaungua kwa sababu ya hawa! Friza kama ya bucha, feni mchana kutwa, na huyu binti pasi haimtoki mkononi."

"Sijapiga pasi tangu Machi," nikasema, nikivuta blauzi yangu aione.

"Inaonekana!" akasema jirani Nilsa, ambaye alikuwa ameshatoka kibarazani kwake upande wa pili wa barabara, vibano kichwani, kikombe mkononi. Huyo mama hana televisheni umeme ukikatika, kwa hiyo televisheni yake ni sisi.

"Nilsa, ingia ndani kwako," Don Wence akasema.

"Ndani kuna joto, Wence. Endelea, nakusikia vizuri tu."

Radamés hakukata tamaa. "Mzee, nibadilishe viungio na kile kisanduku kilichoungua. Kampuni inalipia yote. Wewe sema tu ndiyo, nianze sasa hivi."

"Sitaki."

"Hutaki bure?"

"Sitaki! Unaelewa Kihispania au niseme kwa lugha ya Wamarekani?"

Akaenda kwenye ngazi. Nilikuwa bado nimeishika. Akaitazama mikono yangu mpaka nikaiachia yenyewe. Mungu anisamehe, niliiachia. Mzee wa miaka sabini akaiinua ngazi ile kama ufagio, akaizungusha juu ya ukuta, akaiangusha kwenye ua wake. Kuku wake wakatawanyika wakipiga kelele.

"Sasa utajua kupanda paa la mtu," akasema.

"Mzee! Jua hili!"

"Kampuni yako si inapenda jua?"

Nilsa akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Wence, umepata jogoo mpya juu ya paa! Atakuamsha saa ngapi?"

*

Nilimgeukia mama. Nilikuwa na hakika kwamba hapo atasema. Alikuwa amesikia yote, chumba chetu, viungio, lile neno moja.

Mama akanijia, akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu.

"Muombe radhi baba yako wa ubatizo."

"Mama?"

"Umemwaibisha mbele ya mtaa. Umeleta mtu kisirisiri kama mwizi. Muombe radhi."

"Mama, amesema tusilale mle chumbani!"

"Na baba yako mzazi alipokufa, nani alitupa hicho chumba? Huyo wa juu ya paa? Elimu yako ilitupa? Kompadre alikuja hapa na funguo mkononi, hakuuliza kitu. Na leo amekunyima baraka, Ive. Tangu uzaliwe hajawahi. Unajua maana yake?"

Alikuwa analia. Mama halii, yeye huchemka tu, na ndiyo maana nilishindwa kubishana naye.

Nikamsogelea Don Wence. Machozi yangu yalikuwa yameshafika kidevuni, na siwezi kuomba radhi nikiwa nalia, sauti inakuwa ya bata. Lakini niliomba. Kwamba nisamehe, baba. Kwamba haitarudiwa.

"Umesoma sana," akasema. "Ndiyo shida yenu. Mwambie huyo mwenzako nitamrudishia ngazi akiniahidi hatakanyaga hapa tena."

Kabla sijageuka, mtaa ukalipuka kwa kelele.

"Umerudiii!"

Ukelele ulianzia chini karibu na pwani, ukapanda nyumba kwa nyumba, watoto, wazee, mtu anapiga sufuria, kama unavyopigwa kila umeme ukirudi. "Umerudi! Umerudi!" Redio ya Don Wence ikaanza kuimba yenyewe ndani ya nyumba yake. Taa ya kibarazani kwa Nilsa ikawaka mchana kweupe.

Mama akasahau ugomvi wote. Alikimbia ndani, nami nyuma yake. Akaweka sikio kwenye friza, juu ya blanketi.

Kimya.

Akabonyeza swichi ya jikoni. Akaibonyeza tena. Akaenda ya sebuleni. Akarudi ya jikoni, kama vile huenda imebadili mawazo.

"Mbona kwetu hakuna?" akasema. "Nilsa anao. Kompadre anao."

Tukatoka. Radamés alikuwa amechuchumaa ukingoni, shati amelifunga kichwani.

"Umeme wa mtaani unapitia kwenye ile mashine ya ukutani, mama," akasema. "Na mashine imejizima kwa sababu ya moto wa huku juu. Hata mtaa mzima ukiwaka, nyinyi hampati kitu mpaka hii itengenezwe."

"Leo hampati?"

"Leo, kesho, hata Jumamosi. Mpaka mzee aseme ndiyo."

Mama akamgeukia Don Wence. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba chumvi.

"Kompadre, mimi sijui mambo ya nyaya. Lakini mwache kijana afanye. Sikukuu ni Jumamosi. Friza imejaa."

"Nitamleta fundi wangu, komadre."

"Lini?"

"Nitamleta."

"Lini, kompadre?"

Don Wence akavaa kofia yake, akaivua, akaitazama ndani kama kuna kitu amekisahau humo.

Juu ya paa Radamés alikuwa amesimama. Alikuwa anatazama ua wa Don Wence, geti lake la kijani, sanamu ya Bikira kwenye kisanduku cha kioo.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hili geti nalijua."

"Hujui kitu," Don Wence akasema haraka.

"Nalijua. Nilikuja hapa na bosi wangu, Machi. Mashine yenu ilituma taarifa kampuni kwamba kuna joto, tukaja wenyewe bila kuitwa. Tuligonga geti hili la kijani kwa sababu mkataba una jina lako. Wewe ndiye uliyetoka. Ulikuwa na hiyo hiyo kofia."

"Kofia kama hii zipo elfu."

"Ulitupa kahawa, mzee! Bosi wangu akakwambia ni hatari. Ukasema nyumba ina wapangaji, turudi ikiwa tupu."

Hata redio ilionekana kushusha sauti.

"Turudi ikiwa nini?" mama akauliza.

"Tupu, mama. Nakumbuka kwa sababu bosi aliuliza wanaondoka lini. Mzee akasema, hawatachelewa."

Nilimtazama mama usoni, halafu nikajuta kumtazama. Machi. Mwezi ule ule nilipoacha kutumia pasi. Mwezi ule ule mama aliponiambia nikaushie nywele juani ili tusimchokoze kompadre.

"Muongo," Don Wence akasema. "Hawa vijana wa kampuni ni waongo wote."

"Obdulia," Nilsa akamwita mama, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. "Fungua macho, jirani. Mtaa huu nyumba ngapi bado zina watu wa hapa? Ya mwalimu, wageni wa kulipia kwa siku. Ya Cordero, wageni, wanakunywa bia tangu asubuhi na kuuliza pwani iko wapi wakati wanaiona. Wenyeji wote wameondoka wakisema nyumba ilianza kuharibika yenyewe."

"Wenye nyumba zile si kompadre wangu," mama akasema.

"Ndiyo nasema ufungue macho."

Mama aliingia ndani. Nilidhani anakwenda kulia. Nikasikia mlango wa friza unafunguliwa, ule mlango aliokataza hata kuchungulia, na akatoka na sinia zima. Vikombe vilikuwa vimeanza kutokwa jasho, katikati barafu, pembeni tui.

Akachukua kimoja, akamnyooshea Don Wence.

"Kunywa."

"Komadre, usifanye haya."

"Kila siku nakutolea cha kwanza kabla sijauza. Kunywa. Leo hakihitaji meno."

Hakukipokea. Mama akakigeuza taratibu. Tui likamdondokea kwenye viatu vyake vya kanisani, na mdalasini ukabaki juu kama vumbi.

Nilsa akasema "Mama yangu!" akaweka kikombe chake chini.

"Obdulia!" Don Wence akarudi nyuma. "Umerukwa na akili?"

"Usinitaje jina. Miaka ishirini na nne, Wenceslao! Nimemfundisha huyu mtoto kukuinamia. Dakika hii hii nimemlazimisha akuombe radhi analia. Na wewe umetulaza chini ya moto."

"Sikujua kama ni moto! Walisema joto!"

Akajishika mdomo. Lakini lilikuwa limeshatoka, na kila mtu alilisikia, mpaka Radamés kule juu.

Nataka niwaambie nilivyojisikia, kwa sababu nimeahidi kutoficha kitu hapa. Sikujisikia hasira. Nilimwonea huruma. Alikuwa amesimama na viatu vyake vyenye tui, mzee, masharubu yanatetemeka, na nilitaka kwenda kumfutia. Hivyo ndivyo nilivyo. Nilijichukia kwa hilo.

Lakini miguu yangu ilikwenda na mdomo wangu haukuomba radhi.

"Baba," nikasema. Ilitoka kwa sauti. Hata mimi nilishtuka, nadhani hata kuku walishtuka. "Kama ulitaka tuhame, kwa nini hukusema?"

"Mwanangu, nenda ndani."

"Siendi. Sema."

"Kuna mambo ya watu wazima."

"Mimi ni mtu mzima. Unataka tuhame?"

Alitazama kwa Nilsa. Alitazama nyumba ya Cordero, ambako mwanamke mmoja mwenye kofia kubwa alikuwa ametoka kuangalia kelele ni za nini, akatupungia mkono kwa furaha. Kisha akanitazama mimi. Mabega yake yakashuka, na uso wake ukawa mgumu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, kama mtu aliyebeba gunia mbali akaamua kulitupa popote alipo.

"Mtu hamfukuzi komadre wake," akasema. "Unajua hivyo. Mama yako anajua. Ndiyo maana mlikaa kimya na mimi nikakaa kimya. Nilingoja mchoke. Nilingoja mniletee funguo wenyewe, tukumbatiane, niwasaidie kubeba. Ningewabebea hata friza, nakuapia."

"Sema, Wenceslao," mama akasema. "Usizunguke."

"Haya!" Akapiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka, mtaa mzima unasikia. "Nataka mtoke! Nawataka mtoke kwenye nyumba yangu! Binti yangu Lisandra ameshaichukua aipangishe wageni, nao wameshailipia, na wanaingia Jumatatu!"